Shanta Lenye Mikanda ya Kuficha

Baba alitaka mashanta, mama alitaka vikapu, na ugomvi wao huo naukumbuka kuliko mengine yote ya mwaka ule. Tulikuwa tunaihama Unguja bila ya kumwambia mtu. Siku zile ukitaka kutoka kisiwani sharti upewe ruhusa. Baba aliiomba mara mbili, akaambiwa asubiri. Mara ya tatu hakuomba. Alikata shauri tuondoke sote sita: yeye, mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu wa kike wa miaka tisa, kitoto cha kunyonya, na bibi, mama yake baba. "Sote, au hapana mtu," alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuusema. Baba alikuwa mfanyakazi wa shamba la Kizimbani, na vijia vya huko alivijua kama uani kwake. Msimu wa karafuu watu wa Ng'ambo, upande wetu wa mji, huhamia mashamba na watoto wao, wakachuma wiki mbili, tatu, na hapana anayeuliza. Tungetoka kama wachumaji. Tukifika Kizimbani tungeshika njia ya miguu kwenda kaskazini, siku mbili, mpaka Mkokotoni. Bibi hangeweza mwendo huo, lakini yeye ni Mtumbatu, wa kile kisiwa kilicho mbele ya Mkokotoni, na kikongwe akipanda gari la shamba kwenda kwao, nani atamtazama mara mbili? Angetangulia kutusubiri. Kutoka Tumbatu, jamaa zake walikuwa na chombo cha kutuvusha bahari. Hayo ya chombo sikuelezwa, wala sikuuliza.

Basi ikabaki mizigo.

"Mtu wa miguu siku mbili lazima mikono iwe mitupu," baba alisema. "Mmoja abebe mtoto, mmoja amshike huyu mkono. Mzigo ukae mgongoni."

"Mgongoni!" Mama alikuwa mshoni, na alipokasirika alisema na sindano mdomoni. "Hapa Unguja nani umemwona kabeba mzigo mgongoni? Askari na punda. Wewe utakuwa yupi?"

Baba alikuwa na shanta moja kuukuu la turubai, lenye bizimu za shaba zilizoota kutu, alilolipata mnadani zamani. Alilipenda bure. Mama akalivaa, akazunguka nalo uani mara moja, akalivua akalitupa juu ya kinu. Mikanda yake, alisema, ilikuwa myembamba, imemkata mabega kabla halijatiwa hata kitu. Na turubai lilipiga kelele kila akigeuka. Ukenda nalo porini, ndege wote watajua unapita.

Hata hivyo baba alikuwa na haki kuhusu mikono, na mama alilijua hilo. Akaanza kushona. La kwanza alilikata gunia. Liliniwasha mgongo mpaka usiku nikawa najikuna kama nina upele. La pili lilikuwa la kitambaa cha marekani, jepesi, safi, lakini alipolimwagia maji likayanywa yote, na vilivyokuwamo vikarowa. La tatu akachukua suruali za kazi za baba, za kaki, akazifumua, akatia marekani kwa ndani, akaisugua nta ya mshumaa nje mpaka maji yakawa yanateleza. Hilo ndilo likawa.

Sisi watoto tulikuwa punda wa majaribio. Baba alitia nazi nne ndani ya langu, akaniambia nizunguke kisima. Nazi zikateremka chini zikanivuta nyuma, nikatembea nimetoa tumbo kama mjamzito. "Hebu lete," akasema. Akazitoa, akatia nguo chini na nazi juu, karibu na mabega, na mzigo ule ule ukawa mwepesi. Akatabasamu, kitu alichokuwa ameshakisahau. Baadaye akakunja kanga akaiweka upande wa mgongo, nazi zisinigonge uti. Mama akapanua mikanda vidole vinne akaijaza sufi. Alinipima mwenyewe kwa kidole gumba, bega mpaka kwapa. "Simama kama mtu! Unajipinda kama mnazi wa pwani." Akaacha pindo la vidole vitatu ndani ya kila mkanda, la kuongeza mbele, kwa kuwa mtoto hukua.

Bibi alikaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi zile zile tulizokwisha kuzitembeza. "Nyumba hii imeingia wazimu," alisema. "Nazi zinapelekwa matembezi."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, nnakumbuka.

Mikanda ndiyo iliyobakia kuwa tatizo, maana kutoka Ng'ambo mpaka Kizimbani watu watatuona. Hapo mama alifanya jambo ambalo mpaka leo nikishika mkoba wowote naliwaza. Alishona nyuma ya kila shanta mfuko mwembamba. Mikanda ilikunjwa ikatiwa humo, ikafungwa vifungo, na juu akaweka vishikio viwili. Ukilitazama utasema mkoba wa sokoni, wa kutilia muhogo. Ukifika kwenye miti, unachomoa mikanda, unatia mikono, unakwenda. Baba aliligeuza, akaligeuza tena, akasema, "Ahsante." Kwa baba hiyo ilikuwa hotuba.

Yakatimia manne: la baba, la mama, langu, la mdogo wangu. Yalitundikwa misumarini barazani kwa ndani, kama mikoba ya watu wasio na lao. Tulikuwa tumebakisha siku tano.

Sasa sikiliza alichofanya bibi.

Kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Ukitaka kuondoka unapita mlango kwa mlango, unawaambia majirani: niwieni radhi, huenda nimekukoseeni. Wao wanakuwia, na wao wanataka uwawie. Bibi alikuwa ameonywa mara mia asiseme neno, na wallahi hakusema. Hakutaja Mkokotoni wala siku. Alivaa buibui lake, akachukua bakora yake, akapita milango kumi na miwili ya mtaa wetu akitaka radhi. Alirudi jua limepanda, amechoka, ameridhika.

"Sikusema kitu," alituambia. "Nimetaka radhi tu. Nikizama baharini na haki ya mtu iko shingoni mwangu, je?"

Mama alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama. Baba alisema, "Mama," basi.

Kabla ya alasiri akaja mtu mmoja wa mtaani, ambaye kazi yake siku zile ilikuwa kujua nani kalala wapi. Alipiga hodi, akaingia, akaegemea ukuta pale pale penye misumari. Bega lake liligusa shanta langu. Hakulitazama. Kazi yote ile ya nta na vifungo, na mtu hakuyatupia hata jicho.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia unataka radhi. Safari ya wapi?"

Bibi hakupepesa. "Safari gani tena na miguu hii? Nnakwenda tunakokwenda sote. Naona siku zangu zimekaribia."

Yule mtu alilainika uso. Alisema pole, usiseme hivyo, Mungu atakupa afya. Akamwia radhi, akamtaka na yeye amwie, akaondoka. Bibi alituokoa kwa kinywa kile kile alichotutosa nacho. Lakini tangu saa ile akawa mgonjwa wa kufa. Majirani wakaanza kuja na uji, na ndimu, na visomo, asubuhi na jioni. Kikongwe wa kufa hapandi gari kwenda Tumbatu. Mwanawe anaweza kwenda kuchuma karafuu, kazi ni kazi, lakini nyumba haiwezi kuachwa na mgonjwa peke yake. Lazima abaki mtu wa kuchochea moto, wa kufagia mlango, wa kuitikia naam akiitwa.

Nilikuwa jikoni walipozungumza uani. Chombo kilikuwa na siku yake, hakingoji. Mama alikuwa ananyonyesha, asingeweza kubaki. "Yule mdogo atalia," mama alisema. "Atasema." Kisha baba akasema, "Mkubwa halii."

Ni kweli, nilikuwa silii. Watu walidhani ni ushujaa. Haukuwa ushujaa. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: uko, ni wako, na huusikii. Nikaendelea kuchochea moto. Wali ukaungua chini na hapana aliyenigombeza.

Baba aliniita. "Wiki mbili, tatu. Kisha nitatuma mtu akuchukueni wewe na bibi yako."

"Naam," nikasema.

Nilitaka kumwambia: ulisema sote, au hapana mtu. Nilikuwa nayo mdomoni.

Mama alilitoa shanta langu msumarini akatoa vilivyokuwamo. Gauni langu akalitia katika shanta la mdogo wangu, kisha akalitoa tena, akalikunja akaliweka kitandani. Shanta akalirudisha msumarini tupu. Walitoka asubuhi, watu wanaona, mikoba mitatu mikononi. Mdogo wangu aliniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia, "Nnakuja." Mama alinishika bega kwa kidole gumba, pale pale mkanda ungekaa, kama ananipima.

Walifika. Nililijua hilo baada ya miezi, kwa salamu iliyopita midomo mingi kutoka Mombasa. Kabla ya hapo walikuja watu kuuliza, na nikasema sijui. Nilisema sijui siku tano mfululizo, na ilikuwa rahisi, maana hakika nilikuwa sijui. Mtu wa kutuchukua alikuja mara moja. Alimkuta bibi ameshakuwa mgonjwa kweli, miguu imevimba, hainuki. Akatutazama wote wawili, akanywa chai, akaenda zake.

Yule mgonjwa wa kufa akaishi miaka mitatu.

Miaka hiyo ilikuwa ya foleni, mchele foleni, unga foleni, na mimi nilikwenda na shanta langu nimelishika vishikio, mikanda imelala ndani. Sikuichomoa hata siku moja. Nilimpikia bibi, nikamwosha, nikamgeuza ubavu. Na nilimchukia. Naisema wazi, maana yeye alikuwa akiijua. Alikuwa akinitazama nikimtilia uji, akasema, "Mjukuu wangu, mkono wako mzito leo." Nikamwambia, "Ni uji mzito, bibi."

Siku moja asubuhi aliniita, nami nikaja na kikombe cha maji. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo.

"Siku ile niliwapitia wote," alisema. "Wewe sikukupitia. Nilidhani tunakwenda pamoja." Akapumua. "Niwie radhi."

Neno la kujibu kila mtoto wa Unguja analijua. Halina ugumu. Nililitafuta, sikulipata popote mwilini mwangu. "Kunywa maji, bibi," nikasema. Akanywa. Kesho yake adhuhuri alikufa.

Walikuja jamaa zake wa Tumbatu kuzika. Siku ya tatu, matanga yakivunjwa, mmoja wao aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anazungumzia bei ya samaki, kwamba Alhamisi wana safari, na nikitaka, njia ninaijua. Nikasema naam. Nikalitoa shanta msumarini, nikafungua vifungo, nikachomoa mikanda. Sufi ilikuwa imeganda. Nikatia mikono, na ikanikwama kwenye mabega. Mabega yalikuwa ya mtu wa miaka kumi na mitano. Nikatafuta wembe, nikafumua mapindo yale ya vidole vitatu, nikayashona upya. Mikanda ikanienea. Nilikaa nalo mgongoni kitambo, tupu, ndani ya nyumba tupu.

Alhamisi asubuhi nikapita milango kumi na miwili. Mtu akifa, watu wake humtakia radhi, kwa hiyo hapana aliyeshangaa. "Mwieni radhi bibi yangu," niliwaambia, "na mimi mniwie." Wakasema wametuwia. Mkoba wangu ulikuwa mkononi, na walidhani nnakwenda foleni.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule mtu aliyekuwa akijua nani kalala wapi. Alikuwa amezeeka kidogo. Alimwia bibi, akaniwia na mimi, kisha akaniuliza, kwa upole, "Na wewe, mjukuu, umemwia?"

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa. Alidhani ni uchungu wa msiba.

Nilishuka gari Kizimbani, nikaingia kwenye mikarafuu kwa kijia alichotuonyesha baba siku aliyotupeleka shambani kujaribu mwendo. Hapakuwa na mtu. Nikachomoa mikanda, nikatia mkono mmoja, na kabla ya kutia wa pili nikasema kwa sauti, anayesikia na asikie: "Nimekuwia radhi, bibi." Niliisema mara tatu, maana ya kwanza haikutoka vizuri. Kisha nikatia mkono wa pili, na nikashika njia ya Mkokotoni.