Karatasi ya Yadi Mia Sita

Nahimana alikimbia Burundi mwaka 1993, baada ya mume wake Venant kupigwa risasi mlangoni pao. Miaka mitano baadaye alikuwa akimhudumia mzee Whitcomb wa Wheaton, Marekani, mlenga shabaha ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa.

Asubuhi moja mzee alimwomba amsaidie kutengeneza risasi za mashindano. Nahimana alipima baruti kwenye mizani ndogo, akaimimina ndani ya ganda, kisha akashindilia juu yake kichwa cha risasi, chembamba na kirefu.

"Mzee, mbona ni kizito hivi?"

"Kizito hakiyumbishwi sana na upepo. Kinafika yadi mia sita."

Wale waliomuua Venant walisimama hatua kumi tu.

"Na huko mbali kuna nani?"

"Karatasi tu, Nahimana."

Alitengeneza hamsini. Jumamosi alimsindikiza mzee uwanjani, na kila bunduki ilipolia alimwona Venant akianguka. Baadaye aliiomba ile karatasi, akapitisha kidole kwenye kila tundu. Hapakuwa na damu.

Hata hivyo, Jumatatu alimwambia mzee atafute mtu mwingine wa kupima baruti. Yeye angeendelea kumpikia na kumwogesha.