Neno la Moto Lipeleke la Moto

Barua ilikuwa na mistari mitano tu, na Spés aliisoma amesimama jikoni kwake Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus, Marekani, hajavua hata viatu vya kazini. Kirezi, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa chini ya ulezi wake, ameondolewa kwenye programu ya uongozi. Jumatano nne hakuhudhuria. Kanuni zinaruhusu tatu.

"Hee!" akasema peke yake. "Eti hakuhudhuria! Walidhani alikuwa wapi, disko?"

Programu yenyewe ilikuwa ya vijana wa sekondari wa pale Columbus, wanaotoka kwenye nyumba zenye kipato kidogo. Kila kijana hupewa mlezi, hufundishwa kusimama mbele za watu, na akimaliza miaka miwili husaidiwa kuingia chuo. Walezi wengine wote walikuwa wanasheria na watu wa benki. Spés hupanga maboksi ghalani. Walimchukua kwa sababu alikwenda ofisini kwao mara sita, na mara ya sita wakachoka kumwambia watampigia simu. Ndivyo alivyo huyo mama. Ukimfungia mlango, anakaa kizingitini mpaka utoke mwenyewe.

Na Kirezi alikuwa wapi hizo Jumatano nne? Ungeuliza mtu yeyote kwenye majengo wanayopanga, angekuambia. Mara mbili alikuwa hospitali na mama yake, Nyirabeza. Mara moja shuleni kwa mdogo wake. Mara moja ofisi ya nyumba na mzee Rugaba, jirani, aliyetishiwa kufukuzwa kwa kosa la mpangaji mwingine. Wakalimani wa simu wapo, ndiyo. Lakini Nyirabeza ni mtu wa milima ya Kivu, na Kiswahili cha kwenye simu ni cha mtu wa mbali, wakikutana hao wawili, ni "unasema?" na "unasema?" mpaka muda unakwisha. Basi anaitwa mtoto. Siku zote anaitwa mtoto.

Spés hakuhitaji kusimuliwa. Alizaliwa kambini Kigoma, wazazi wake Warundi, na walipofikishwa Louisville akiwa na miaka kumi na tatu, Kiingereza kilimwingia upesi kuliko wote nyumbani. Mwaka uliofuata alikaa kwenye kiti kati ya baba yake, Zenoni, na daktari. Daktari alisema kisukari kimepanda vibaya: asipoanza sindano, na asipoacha kusimama kiwandani saa kumi na mbili kwa siku, mguu mmoja utakatwa. Spés alimtazama baba yake, akatabasamu, akasema, "Anasema upunguze soda, baba."

Miezi minane baadaye mguu ulikatwa. Spés hakumwambia mtu. Akaolewa, akahamia Columbus, akazaa, na lile neno likawa naye miaka kumi na saba. Hata kaka yake Jovini aliyeko Buffalo, ambaye Spés humwambia mpaka alichopika, hakulijua.

Kwa hiyo alipokabidhiwa vijana, hakuanza na zile hotuba za "ninyi ni viongozi wa kesho." Kesho ya nani, wakati leo wanaongoza nyumba nzima? Aliwakalisha watatu watatu kwenye chumba cha chini cha kanisa: mmoja daktari, mmoja mzazi, wa katikati mkalimani. "Neno likija la moto, lipeleke la moto," aliwaambia. "Usilipoze. Si lako. Ukilipoza linabaki kwako, na litakuunguza wewe." Vijana wakacheka, wakambatiza Anti Moto. Kirezi ndiye aliyepoza kuliko wote. Mtoto mpole, anayeomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti.

Spés aliomba kikao, akapewa dakika ishirini. Mezani walikaa mkurugenzi, ambaye ni mama mmoja nadhifu, na wajumbe wawili wa kamati. Upande wa pili walikaa Spés, Kirezi na Nyirabeza. Simu ya mkalimani ikawekwa katikati. Nyirabeza akaanza kueleza, simu ikasema, "Samahani mama, rudia." Akarudia. "Samahani, rudia tena." Mara ya tatu laini ikakatika.

Wote wakamgeukia Spés. Akakunja mikono.

"Mimi hapana. Nimekuja kumtetea, mtasema napindisha maneno."

"Sasa nani atatafsiri?" mkurugenzi akauliza.

Nisikufiche: Spés alikuwa ametega. Alijua simu itashindwa. Ila hakujua mtoto atafanya nini. Kirezi alisimama, akavuta kiti chake, akakiweka kati ya mama yake na ile meza.

Nyirabeza akaeleza Jumatano zote nne, na mwanawe akazipeleka moja moja. Mkurugenzi alisikiliza, kisha akavua miwani.

"Mwambie mama yako hivi. Uongozi ni kuchagua. Familia inayoitaka nafasi hii kweli ingetafuta njia nyingine. Yeye ndiye aliyekunyima."

Spés aliona midomo ya Kirezi ikianza kutafuta tabasamu, na tabasamu lile alilijua, lilikuwa lake mwenyewe. Mungu wangu, akaomba kimoyomoyo, asipoze. Afukuzwe, lakini asipoze.

Kirezi akamgeukia mama yake. Hakutabasamu.

"Mama, anasema ni weye uliniharibia nafasi. Anasema kama ungeitaka kweli, ungetafuta njia ingine."

Nyirabeza aliinuka polepole, akakaza kitenge kiunoni. Mwanamke akijifunga hivyo, wewe kaa mbali.

"Umuambie huyu mama: bon, mi sikukuya kuomba huruma. Minamuuliza kitu moja tu. Leo hapa, bila huyu mutoto, mungesikia nini?" Akanyoosha kidole kwenye ile simu iliyokufa. "Munamufukuza sababu ya kazi ile ile munamutumikisha sasa hivi!"

Kirezi akayapeleka yote kwa Kiingereza, na moto wake wote. Hata kidole alikinyoosha. Mkurugenzi akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Tunaweza kumrudisha," akasema hatimaye, "akiahidi hatakosa tena."

Kirezi akamtafsiria mama yake, kisha akajibu mwenyewe bila kumtazama mtu.

"Siwezi kuahidi. Jumatano ijayo mzee Rugaba ana miadi. Nitakosa."

Mjumbe mmoja, mzee wa mvi aliyekuwa hajafungua kinywa tangu waingie, akaanza kucheka. "Sasa tunamfundisha nini huyu?" akauliza. "Jumatano ijayo mwandikeni yupo. Na hizo nne zilizopita, mwandikeni alikuwapo pia." Mjumbe wa pili akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi alitia sahihi kama mtu anayemeza klorokwini, lakini alitia.

Nje, kwenye maegesho, Nyirabeza na binti yake walitangulia kwenye gari wakigombana kwa furaha, mmoja kwa Kiswahili, mwingine akijibu kwa Kiingereza. Spés alibaki ameegemea mlango wa jengo. Mtoto wa miaka kumi na sita amefanya kilichomshinda yeye. Akapiga simu Louisville.

"Baba, nina neno. Siku ile ya daktari, hakusema soda. Alisema watakukata mguu. Mimi ndiye niliyelipoza."

Zenoni alikohoa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile ile. Daktari alikunja uso, na wewe ukaniletea tabasamu huku unatetemeka. Mimi si mjinga, Spés. Nilikwenda kazini kwa sababu mlikuwa watoto sita."

"Na mbona hukuniambia? Miaka kumi na saba, baba!"

"Ningekuambia, usingekubali kutusemea tena. Na hatukuwa na mwingine."

Hilo nalo lilikuja la moto, na mzee hakulipoza. Spés alihisi hasira inampanda, hasira safi ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuwa nayo.

"Nilikuwa mtoto, baba."

"Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikajua, nikanyamaza. Basi hilo neno ni langu. Nirudishie."

Spés akalia palepale, kwa sauti, bila kujificha. Kutoka kwenye gari Kirezi akafungua dirisha akauliza kulikoni, na Spés akamwambia ukweli wote.