Kigoda cha Wigashe

Wigashe ni ngoma ya kukaa. Sisi Wasukuma tunazo ngoma za majembe, za nyoka, za kurukaruka, lakini hii mnakaa kwenye vigoda mstari mmoja, bega kwa bega, mnaimba huku mikono na mabega vikicheza. Hakuna kuinuka mpaka kiongozi afunge wimbo wa mwisho. Ukiinuka katikati, wapinzani mnaoshindana nao uwanja mmoja wanakuzomea na watazamaji wanahamia kwao, na wingi wa watazamaji ndio ushindi wenyewe. Sasa niambie, kwa mtu mwenye ugonjwa wangu kuna mtihani mkubwa kuliko huo?

Ugonjwa wangu unaitwa Krons. Ukiusikia unaweza kudhani ni jina la mzungu wa mgodini. Utumbo unavimba, unatoka vidonda, unavuja damu, na choo kikikubana kinakubana sasa hivi, hakisubiri hata uvae ndala. Ulinikuta Geita, nikiwapikia wachimbaji wali na maharage karibu na mashimo ya dhahabu. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wachimbaji walisema zebaki. Mama mwenye nyumba alisema nimetupiwa jini na mpishi mwenzangu. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikaanzishiwa dozi ya TB ya tumbo nikaimeza mpaka mwisho. Nilikuwa nimebaki mifupa na hasira. Ni daktari mmoja wa Mwanza aliyenipitisha kamera ndipo nikapata jina.

Jina nilipata, nafuu sikupata. Dawa ya kwanza iligoma. Ya pili ikaniharibia ini. Ya tatu ilituliza tumbo kidogo, lakini ikanipandishia sukari, nikaongezewa kidonge cha kuishusha, na ikaniumua uso kama andazi. Magoti nayo hayakutaka kuachwa nyuma, yakavimba. Nikahamia kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga, nikawa mtu wa nguo nyeusi, zisizoonyesha doa la damu. Miaka mitatu sikuvaa rangi nyingine. Na miaka hiyo yote sikuinuka kwenye kiti chochote, kanisani, kwenye basi, msibani, bila kugeuka kutazama pale nilipokuwa nimekaa. Dada alikuwa akiniona nageuka ananitania, "Haya mkaguzi, kuna nini?" Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma.

Halafu ikaja sindano. Kila baada ya wiki mbili najichoma mwenyewe pajani. Inataka baridi, na friji ya dada ilikufa siku nyingi, kwa hiyo inakaa kwenye friji ya soda ya duka la jirani, ndani ya kopo nililoliandika mwenyewe: SI SODA, MTAKUFA. Baada ya miezi michache damu ikakata. Jamani, damu ikakata! Nilimwita dada chooni aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akachungulia, tukakumbatiana pale pale kama watu waliookota dhahabu.

Siku hiyo hiyo nikampigia simu mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye kiongozi wa wigashe yetu kijijini, karibu na Kagongwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Mjomba, mwaka huu nataka kigoda changu."

Kabla sijaugua mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo, na kigoda cha katikati kilikuwa changu.

"Mpwa wangu, utaweza kukaa mpaka mwisho? Halafu mwaka huu tunavaa nyeupe."

"Nitakaa."

"Ukiinuka tumekwisha."

"Mjomba, si nimesema nitakaa?"

Nilikata simu. Nyeupe! Nilitaka ile nguo kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Siku ya mashindano nilijifanya mjanja. Tangu jana yake mchana sikutia chakula mdomoni, utumbo uwe mtupu, ukose hoja. Asubuhi nikameza dawa zangu zote, kile kidonge cha kushusha sukari kikiwemo, kwa chai kavu isiyo na sukari.

"Umekula?" dada akauliza.

"Nimekula." Wala sikupepesa.

Uwanja ulijaa. Wapinzani walikuwa hatua hamsini kutoka kwetu, wameshaanza kutukejeli kwa nyimbo. Nikakaa katikati, mweupe pee, nikaachia wimbo wa kwanza. Weee! Sikujua kama ile sauti bado ninayo. Mstari mzima ukaitikia, mabega yakaenda, vumbi likatimka. Wimbo wa pili. Wa tatu. Kila mwisho wa ubeti nalisikiliza tumbo, tumbo kimya. Nilitamani kulibusu.

Wimbo wa nne mikono ikaanza kutetemeka. Nikasema ni raha hii. Likaja jasho la baridi. Watazamaji nikawa nawaona wawili wawili, ulimi ukawa mzito, nikarudia ubeti ulioshaimbwa na mjomba akanikata jicho. Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Nimelilinda tumbo peke yake, nimesahau sukari! Nimemeza kidonge cha kuishusha na ndani sina hata punje ya wali. Kuinuka siwezi, na kuanguka nakuona kunakuja.

Kwetu mchezaji akikufurahisha unaingia uwanjani kumtunza. Unamfuta jasho kwa khanga yako, unampa ulicho nacho, huku unacheza, na hakuna anayekuzuia. Nikamwona dada anatoka kwenye kundi la watu, khanga juu, kiuno kinaongea, vigelegele, soda ya chungwa mkononi. Akanifunika kichwa kama ananifuta jasho, na chini ya ile khanga akanipachika chupa mdomoni.

"Kunywa, mwongo wewe! Kunywa!"

Nikanywa. Nusu iliingia, nusu ikateremka kifuani. Dada akatoka kwa madaha, chupa tupu amejitwika kichwani.

Watu wakadhani ndio mtindo mpya. Mama mmoja akaja kumnywesha mjomba soda. Mwingine akamlisha karanga mwimbaji wa pembeni. Kila mtu akataka kunywesha mchezaji wake, na waliokuwa kwa wapinzani wakaja kuona kuna nini huku kwetu, hawakurudi tena. Kichwa kikanitulia, sauti ikanirudia, nikaachia wimbo ambao mjomba hakuupanga kabisa. Alipofunga wa mwisho, wapinzani walikuwa wanaimbiana wenyewe. "Wabeja! Wabeja!" mjomba alikuwa anawashukuru watu huku machozi yanamtoka.

Nikaruka juu. Magoti yalilalamika, sikuwa na muda nayo. Nikakimbia, ndiyo, nilikimbia, mpaka kwa dada, tukashikana tunapiga kelele, soda imenichora kifua chote. Kisha akanishika mabega akanitazama. Alikuwa ameacha kucheka.

"Hujageuka," akasema.

"Nini?"

"Umeinuka, umekuja mpaka hapa. Hujageuka kutazama kigoda."

Kilikuwa kule nyuma yangu, hatua kama ishirini. Shingo ilitaka kugeuka, imeshazoea. Nikaizuia.

"Katazame wewe," nikamwambia. "Mimi nina njaa."