Hodi kwenye kanisa la Siena

Leo nimepiga hodi mlangoni pa kanisa kuu la Siena, Italia, na watalii wamenitazama kama mwendawazimu.

Bibi ndiye aliyenituma.

Enzi za Mwingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfungwa mmoja wa Kitaliano, Pietro, alikuwa akijenga pamoja na baba yake Bibi, fundi uashi. Siku moja akashika mkaa, akachora kanisa la kwao kwenye ukuta wa chokaa wa nyumba ya kina Bibi, Temeke.

Mistari myeusi na myeupe. Hivihivi ninavyoiona sasa.

Akamwambia Bibi, mtoto wakati huo, "Ukifika kwetu piga hodi, nitakufungulia."

Ukuta ulishabomolewa zamani. Bibi hajausahau.

Basi nimezunguka mji tangu asubuhi, nikafika kanisani, nikampigia simu ya video. Mlango uko wazi, watu wanaingia na kutoka.

Bibi akasema, "Usiingie tu kama mbuzi. Piga hodi."

Nikapiga.

Mara ya pili.

Ya tatu nikapaza sauti.

 Bibi akasema, "Hodi tatu hazijajibiwa. Rudi, mjukuu wangu. Mwenyewe hayupo."

Mie niko hapa ngazini, sijaingia.

Nyie mngeingia?