Vifuniko Saba vya Kranki

Fundi huyu walimwita Taratibu, wala hakuchukia. Akiosha bolti utadhani anamwogesha mtoto mchanga. Na ukimkuta kasimama kimya katikati ya gereji, spana mkononi, macho kwenye bati la dari, usimshtue. Yuko barabarani huyo, anapanda mlima na gari ambalo bado halina injini.

Mwaka huo mlima wenyewe ulikuwa wa kweli. Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa na gari la zamani la silinda sita. Huko juu milimani alikuwa na dada yake mkubwa, ambaye macho yalikuwa yanamwishia.

"Nataka anione angali anaona," shemeji alisema. "Na twende kwa gari hili."

Twende, yaani wao wawili. Neno hilo Taratibu alitembea nalo wiki nzima kama mtu aliyebeba yai.

Lakini injini ile ilikuwa inagonga chini kila ikipanda kilima. Akaamua kuisuka upya sehemu yote ya chini, iwe bora kuliko ilivyotoka kiwandani: kranki mpya isiyotikisika, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, mikono ya pistoni yenye nguvu zaidi, bolti ngumu, pampu kubwa ya oili. Vya zamani alivyobakiza ni bloku, yaani kiwiliwili cha injini, na vile vifuniko saba vinavyoikumbatia kranki isichomoke. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na mahali pake, na kwa jirani hakikai. Kwa hiyo kabla ya kuvifungua alivigonga nukta za juu juu: cha kwanza moja, cha pili mbili, hivyo hivyo mpaka saba.

Kisha akaviosha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alianza na mafuta ya taa, akafuata brashi ya waya, akaona vinaanza kung'aa, akachukua msasa, akapotelea huko. Alikuwa kwenye kona ya tatu ya mlima, shemeji kateremsha kioo, mtandio unapepea. Aliporudi gereji, vifuniko saba vilimetameta juu ya kitambaa, havina nukta hata moja.

Siku tatu alivipanga na kuvipangua. Akikaza, kranki inazunguka nusu, inashika. Siku ya nne ikazunguka, ila kwa kuilazimisha kwa mikono miwili. Angeweza kufunga hapo hapo. Gari lingewaka, pengine lingefika.

Shemeji akaingia na kikombe cha chai. "Enhe, shem, tunaondoka lini?"

"Nimefuta alama."

"Alama gani tena?"

Akamweleza yote, isipokuwa mtandio.

"Sasa dawa yake nini?"

"Bloku liende kwa fundi wa mashine ya kerezo, achonge upya matundu yote saba kwa mstari mmoja. Ana foleni. Mwezi na nusu."

"Na ukifunga hivyo hivyo?"

Taratibu aliisukuma kranki kwa mikono miwili. "Siwezi kukupandisha mlima na hii."

"Hebu ngoja. Hivyo vifuniko si vinakaa ndani, gizani, vimelowa oili?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaving'arisha! Nani angeviona, shem? Panya?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akafuta kikombe kwa pindo la khanga.

"Mimi natangulia kwa basi kesho kutwa. Macho hayasubiri foleni."

Taratibu akambebea begi mpaka kituoni. Basi lilipopinda kona, aliendelea kupunga mkono kwa muda, ingawa barabara ilikuwa tupu.

Bloku likarudi siku moja asubuhi. Akalaza kranki, akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, akaisukuma kidogo. Ikazunguka bila sauti, kama mtu anayejigeuza usingizini. Akampigia shemeji simu.

"Alikuona?"

"Aliniona. Akasema nimezeeka, hana haya yule." Shemeji akashusha sauti. "Juzi ndiyo macho yamezimika kabisa. Na hiyo kranki yako?"

"Inazunguka kwa kidole kimoja."

"Kipi?"

"Cha mwisho."

"Muongo wewe. Haya, malizia ulilete gari. Dada anasema atakaa kibarazani alisikilize likipanda toka bondeni. Mimi nitashuka nikusubiri pale mlima unapoanzia. Hutapanda peke yako."

Taratibu akasema sawa, akaweka simu mfukoni, akaenda kuchukua pistoni ya kwanza.