Siku Nilipofuta Baraka za Mama Mdogo

Siku hizi nasimulia nikicheka, ila waliokuwa ukumbini wanajua kwamba siku ile nilitamani lori lolote kwenye foleni ya mpakani linifiche chini ya turubai, linivushe Nakonde, upande wa Zambia, na Tunduma isinione tena.

Mimi ndiye mpiga video wa ukoo (cheo nilichojipa mwenyewe, hakuna aliyenichagua), kwa hiyo mama mdogo, alipokuwa anaumwa ule ugonjwa uliomchukua, aliniita nimrekodi akimbariki binti yake Tusekile, akasema iwekwe siku ya kumuaga mtoto akienda kuolewa. Nikairekodi kwa simu, nikaihamishia kwenye kompyuta, na simu yenyewe ikaja kufa, ikawa video iko kwangu peke yangu.

Basi asubuhi ya sendofu ya Tusekile nikasema niipambe na picha zake za utotoni, kompyuta ikagoma, diski C imejaa. Nikaangalia sehemu ya pili ya diski, D, nikaona tamthilia za zamani na takataka zangu tu, na video ya mama mdogo naiona hapa mbele kwenye uso wa kompyuta, nikajiambia futa D yote, nafasi yake iende C, kazi iishe. Nikafuta. (Wanaojua mambo haya hapo wameshashika kichwa.) Nafasi ikabaki imeandikwa kwamba haijagawiwa, lakini kila nikitaka kuiunganisha na C kile kitufe kimefifia, hakibonyezeki, kumbe katikati yao kuna kipande kidogo cha mfumo kinachozuia, nami nikahangaika mpaka jasho likanitoka, muda unakwenda, mwisho nikasema basi, nitaionyesha hivyohivyo bila mapambo.

Ukumbi ulijaa. Ndugu wa Nakonde walikuwa wamevuka na vitenge vyao vya sare, na mshereheshaji alipotangaza, "Sasa tumsikilize mama," hata watoto walinyamaza. Baba mdogo, mume wa marehemu, akasimama, akavua kofia. Nikabonyeza. Badala ya mama mdogo, kwenye kitambaa kikubwa cha projekta likatokea tangazo kwamba faili halipo. Nikabonyeza tena, halipo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile nilichokuwa nakiona asubuhi hakikuwa video, ilikuwa alama tu ya kuelekeza video ilipo, na video yenyewe ilikuwa D.

Baba mdogo akaja mezani kwangu. "Kuna nini, mwanangu?"

Nikamnong'oneza, "Baba, nadhani nimeifuta."

Nilinong'ona kweli, ila mshereheshaji alikuwa ameinama karibu yangu na kipaza sauti mkononi, na ule mnong'ono ukatoka kwenye spika zote. Tusekile akajifunika uso. Baba mdogo hakunifokea, heri angenifokea. Alisema tu, "Kwa hiyo ametutoka tena," akakaa kwenye kiti changu.

Aliyeniokoa ni Neema, rafiki wa bibi harusi, mwenye duka la kutengeneza kompyuta jirani na ukumbi. "Ile nafasi umeandika kitu chochote juu yake?"

"Hapana, ilikataa."

"Mshukuru Mungu ilikataa. Usiguse kitu!" Akakimbilia dukani, akarudi na flashi yenye programu ya kufufua vilivyofutwa, tukaanza kusubiri. Mafaili yakarudi, mengi, yote yana majina ya namba kama simu ilivyoyaandika, ikabidi kufungua moja moja, na kwa hofu ile hakuna aliyekumbuka kuzima projekta.

La kwanza lilikuwa mimi. Nimevaa singlendi, niko mbele ya kioo, najifunza kumtamkia binti mmoja wa Nakonde, "Nalikutemwa, nalikutemwa sana," yaani nakupenda sana, huku napandisha nyusi. Nikaruka kulifunga, nikagonga meza, likaanza upya. Ndugu wa Nakonde, ambao Kibemba hawahitaji kutafsiriwa, walicheka mpaka bibi mmoja akaomba ashikiliwe.

Neema akafungua jingine, halafu jingine, na kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu mama mdogo alikuwa ameegemea mto, anarekebisha kilemba, anauliza kwa Kinamwanga kama nimeshaanza kurekodi. Kisha akamwita binti yake kwa jina. Tusekile akatoka kwenye kiti chake cha heshima, na gauni lote lile, akaenda kukaa chini kabisa mbele ya kitambaa.

Wiki iliyofuata baba mdogo alikuja kwangu na simu yake, na ya kaka yake, na flashi mpya. Nikamwekea kote, nikadhani tumemaliza. Akavuta kigoda. "Fungua kila moja nione." Tukaziangalia zote tatu, mwanzo hadi mwisho, ndipo akaaga.

Wengine wajaribu bahati. Mimi kompyuta ikinililia kwamba imejaa, naiacha ilie, kwanza nafungua nakala ya faili kwenye mashine nyingine nikaiona kwa macho, na hata hapo kidole bado kinasita kufuta.