Upinde wa Zambarau

Naanza na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, maana hasara yote ilitoka mdomoni mwake.

Mimi ni mlinzi wa geti hapa Johannesburg, upande wa kusini. Katika nyumba ninazolinda anakaa mzee mmoja wa Kizungu, anayewinda swala kwa upinde kwenye shamba la ndugu yake huko Limpopo. Siku moja namsaidia kushusha nyama, nikamwuliza kwa nini hatumii bunduki. Akasema upinde hauna kelele.

Neno hilo lilinikaa. Bunduki nimezisikia, zimenitosha. Nilikimbizwa kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, nikakimbizwa kambini, na hapa mjini nimekimbizwa na watu wenye mawe ambao asubuhi yake nilikuwa nimewasalimia. Nilitaka siku moja tu, kabla magoti hayajaisha, mimi ndiye niwe wa kuvizia.

"Tafuta upinde wako," mzee akaniambia. "Wa mtumba unatosha. Baridi ikifika, ukiweza kupiga sahani kutoka mwisho wa bustani yangu, nakuchukua. Ukishindwa, unabaki getini."

Akanifundisha kuchagua. Mwanafunzi achukue mwepesi, ule anaoweza kuuvuta akiwa amekaa kwenye kiti, bila kuinua mikono juu kama anayeomba mvua. Nipitishe pamba kwenye zile sehemu mbili zinazojipinda. Pamba ikinasa, kuna ufa. Kamba isiwe imeota manyoya. Na mvuto wake ulingane na mikono yangu, maana upinde ni kama kiatu, hauazimwi.

Mke wangu, ambaye siri kwake hailali, akamweleza kaka yake. Shemeji anadai babu yake alikuwa mwindaji mkubwa. Babu simkatai. Lakini yeye mwenyewe ni kinyozi, na mnyama mkubwa kabisa aliyewahi kumwua ni panya, tena kwa sumu.

Tukaenda pamoja Turffontein, kwenye duka la vitu kuukuu karibu na uwanja wa farasi. Ukutani zilining'inia pinde mbili za kisasa, zenye kapi ndogo za kuzungushia kamba juu na chini. Mmoja mweusi, mkubwa kama mlango. Mwingine mwembamba, wa rangi ya zambarau, wa bei ya chini. Nikatoa pamba yangu mfukoni.

"Shemeji, unaupaka dawa? Ni mugonjwa?"

"Mzee amesema..."

"Muzee gani? Muzungu atufundishe pinde sisi? Na huo wa zambarau uache, ni wa bamama. Unataka swala akuchekelee?"

Nikauvuta ule mweusi. Ulinikataa. Nikauelekeza darini, nikavuta tena, mgongo ukalia, na kamba ikaja kidogo.

"Sharp!" akasema mwenye duka, yaani safi kabisa. Huyo naye simsamehe, maana aliniona nilivyotetemeka, akanyamaza kwa sababu mweusi ndio aliotaka utoke. Alinionya jambo moja tu: usiachie kamba kamwe bila mshale, nguvu yote itarudi kwenye upinde na kuupasua. Nikalipa, nikamtafsiria shemeji.

"Najua, najua," akasema.

Sasa, kanisani kwetu kitu cha mtumba hakilali nyumbani kabla hakijaombewa. Huwezi kujua aliyekitumia kwanza alikuwa na mapepo gani. Tumeombea magodoro, tumeombea friji, na mara moja gari zima kule nje, likakataa kuwaka palepale. Basi Jumapili nikaupeleka upinde mbele. Mchungaji akaufunga kwa damu ya Yesu, akaufungua kwa jina lake, kisha akachukua mafuta ya upako akaipaka ile kamba, juu hadi chini, kwa ukarimu kuliko anavyopaka wagonjwa.

"Nani auvute, tuone nguvu za Bwana?"

Kabla sijafungua mdomo, shemeji alikuwa ameshaunyakua. Akavuta, mishipa ya shingo ikasimama, kanisa likapiga makofi. Nikapiga kelele, "Usiachie!" Hakuachia. Mafuta ndiyo yaliyomwachisha.

Ulipasuka kwa mlio mmoja, paa! Kapi moja ikaruka ikatoboa ngoma. Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya benchi, na chini ya benchi la jirani alikuwa mama mmoja wa kwetu, wa Fizi, na nyuma yake kwaya yote ya wababa. Sisi wa mashariki tukisikia mlio hatungoji kuagizwa. Waliobaki wima ni watoto waliozaliwa hapa, wanatutazama tu. "Eish," mmoja akasema, "ni nini, Papa?"

"Pepo limetoka!" Mchungaji akatangaza, naye akiwa nyuma ya mimbari.

Alaumiwe nani? Mchungaji alisema ni vidole vya shemeji. Shemeji alisema ni mafuta ya Mchungaji. Upinde ulikuwa wangu.

Nikauza spika yangu kubwa, nikarudi Turffontein peke yangu. Ule wa zambarau bado ulikuwepo. Hakuna mwanaume aliyeutaka. Nikaomba kiti, nikakaa, nikavuta. Ulikuja taratibu mpaka shavuni, kama nilipimiwa. Pamba ikapita bila kunasa. Nikautoa dukani ndani ya mfuko wa unga, na kanisa haukuliona.

Mzee alipouona alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikaipiga sahani, akaacha kucheka.

Shambani, swala alikuja kunywa maji. Nikaachia. Sauti ilikuwa ndogo kama mtu anayefunga kabati. Akaenda hatua chache, akalala. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijitazama miguu kuhakikisha kwamba haikimbii.

Nilipofika nyumbani na nyama, Mchungaji alikuwa ameshakaa sebuleni, anasema maombi yamejibiwa. Shemeji naye anamweleza kila anayeingia kwamba upinde alinichagulia yeye. Mchungaji nilimpa shingo. Shemeji nilimpa kwato, zote nne, nikamfungia vizuri kwenye ule mfuko wa unga.